Kipande cha Kumi na Nne

Bulla Iftin, Garissa
Siku ya pili baada ya akika

Kwa dada yangu Kowsar Mursal,
Griftu

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua hii ikukute mzima wewe, shemeji Mustafe na watoto wote, na mbuzi wako wawe na maziwa ya kutosha chai na wageni. Tulisikia mvua imenyesha upande wenu wiki iliyopita. Niambie kama ilijaza mabwawa au ilipita tu kutoa salamu. Sisi huku hatujambo. Joto la Garissa ni lile lile unalolijua. Baba yetu, Aabo, anakula vizuri na sukari yake imetulia, ila macho yanazidi kuingia ukungu, na siku hizi mtu akiingia humtambua kwa mwendo wa miguu kabla ya kumwona sura. Mke wangu Zeinab naye anaendelea vizuri na mtoto ananyonya bila kuchoka. Habari za kuzaliwa kwake nilikupa kwa simu, ukapiga vigelegele hadi jirani zako wakaja kuuliza kuna nini. Wavulana watatu mfululizo, kisha msichana. Tumempa jina la mama yetu, Hooyo, anaitwa Barwaqo.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hiyo kadi ndogo uliyoikuta imekunjwa ndani ya karatasi na kuzungushiwa selotepu. Ina maelezo yake, na nikiyasema kwa simu mtandao wa Griftu utayakata katikati. Ya pili nitaifikia, usinikimbize. Nimetumia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kushikia kalamu, wewe na mimi. Kisomali chetu ni cha ulimi, na nikikiandika utacheka badala ya kusoma. Alio, dalali wa mbuzi, anakuja soko la huko kesho, naye ameapa kukukabidhi mkononi.

Sasa kaa chini, abaayo, dada yangu. Sauti ya Hooyo imepatikana.

Nakuomba uvumilie nikikurudisha kwenye kaseti ile. Naijua inavyokuuma, lakini bila hiyo habari yangu haina miguu. Mwaka uliozaliwa, Aabo alikuwa kibarua Jidda, na wakati huo watu wetu hawakuandikiana barua, walitumiana kaseti. Mtu alikaa mbele ya redio, akatoa salamu zake zote, akasema habari zake, akampa msafiri. Hooyo hakutoa habari zako kwa maneno ya kawaida. Alitunga buraanbur nzima, akaimba kama kina mama wanavyoimba arusini, na Aabo akajua kuwa ana mtoto wa kwanza kupitia shairi hilo, amekaa kitandani katika chumba cha vibarua kumi. Aliporudi nyumbani alivunja vile vitufe viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asiweze kurekodi juu yake, akaifungia sandukuni pamoja na pasipoti.

Kisha ukaja mwaka 2004. Aabo alitoa kaseti awasikilizishe wageni, na badala ya Hooyo zikatoka nyimbo za redio ya Nairobi, upande mzima. Kwenye tundu la kitufe palikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ilipokunjuliwa ilikuwa na hesabu za kugawanya kwa mwandiko wako. Ulikuwa na miaka kumi na sita, unapenda nyimbo, na karatasi ni ya daftari lako. Uliapa kwa Mwenyezi Mungu hukuifuta, na hakuna aliyekusikiliza. Aabo alisema mbele ya wageni kwamba binti aliyefuta habari za kuzaliwa kwake amejifuta mwenyewe. Hakukupiga, nadhani ingekuwa afadhali akupige. Uliolewa ukiwa na jina hilo, ukaenda Griftu nalo, na tangu tulipomzika Hooyo hujavuka kizingiti cha nyumba hii. Nami kila Idd nakuona kwenye simu ukiuliza hali ya Aabo, lakini huombi kuongea naye.

Basi, siku ya tatu baada ya Zeinab kujifungua, Habaryar Weris alifika kutoka Liboi. Mdogo wake Hooyo huyo unamjua, akiingia nyumba inajua imeingiliwa. Alilalamika kuwa vizuizi vya njiani vimemtoa kwenye gari mara nne na kila askari akataka kujua alichofunga kwenye pindo la shuka. Alichofunga ni kadi ya kumbukumbu ya simu. Aliketi, akanywa chai, akambeba mtoto, akamkagua masikio na vidole kama anayenunua ndama, ndipo akafungua fundo na kunikabidhi.

Alisema kuwa mwaka mmoja kabla ya kufariki, Hooyo alimtembelea Liboi akiwa na ile simu yake ya mulika mwizi, akamwambia ataliimba shairi la Kowsar upya, lote, kwa kuwa kichwa hakina kitufe cha kufutia. Simu ile ilirekodi dakika moja tu kisha ikakata. Kwa hiyo Hooyo alilipima shairi kwa pumzi, akaimba dakika, akanyamaza, akaimba tena, Weris akimshikia simu. Vilitoka vipande kumi na vitatu. Kisha akamwachia kadi na amri: siku akizaliwa msichana mwingine nyumbani kwa Mursal, mpelekee, shairi la msichana haliimbwi bila msichana. Kila Zeinab alipojifungua, Weris alifungua sanduku, akasikia ni mvulana, akalifunga. Nilimuuliza kwa nini hakuvunja amri akatuletea mapema, akaniuliza kama mimi ningethubutu kuvunja amri ya Hooyo.

Zilibaki siku nne kufikia akika. Aabo aliposikia kuna kadi aliacha kula. Alikaa mkekani na simu yake mkononi, ile kubwa niliyomnunulia, akasema anataka kumsikia Hooyo kabla ya kulala. Nikamwambia asijali, mwanawe ni fundi wa simu, kibanda changu kinajulikana kuanzia sokoni hadi darajani, kadi ni kazi ya dakika mbili. Kumbe mganga hajigangi. Nilichomeka kadi, nikafungua kicheza muziki kilichokuja na simu, nacho kikaandika kwamba hakuna wimbo uliopatikana. Aabo akauliza mbona kimya. Nikasema inapata moto.

Shida niliijua baada ya muda. Zile simu za zamani zilihifadhi sauti kwa aina ya faili ambayo vicheza vingi vya leo havihesabu kama muziki, na juu ya hayo vingi huficha chochote kifupi kuliko dakika, vikidhani ni mlio wa simu. Ningeweza kupeleka vipande kwenye kompyuta, nikavigeuza aina na kuviunganisha kuwa kimoja. Habaryar Weris alikataa katakata. Alisema sauti hii imeshafutwa mara moja na mtu aliyedhani anajua anachofanya, hakuna mkono utakaoigusa tena, niitafutie mlango wa kuingilia na si shoka. Nikaona ana haki. Ilibidi nitafute kicheza kingine.

Wewe unajua nilivyo. Kwa wateja naweka programu ya kwanza ninayoiona na kuwasifia. Safari hii nilichagua kama Aabo anavyochagua ngamia, na bado niliumbuka. Ile ya kwanza ilikuwa na nyota nyingi na watu wengi wa kuisifu. Ilisoma faili za Hooyo bila shida. Nikamwekea Aabo, akainama, na sauti ikaanza. Abaayo, sitaki kukueleza uso wa Aabo wakati ule kwa sababu nitashindwa kuendelea kuandika. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hooyo alikuwa anafika pale mkunga anapobisha hodi, ndipo ikalipuka sauti ya msichana akipiga kelele kuwa leo ni siku yako ya bahati, weka mkeka ushinde. Aabo alishtuka akauliza ni mwanamke gani huyo ameingia, na anacheza kamari gani nyumbani mwake. Habaryar Weris alicheka mpaka akashika ubavu. Nilizima bando, matangazo yakakoma, na programu nayo ikagoma kufanya kazi bila mtandao. Niliiondoa hapo hapo.

Ya pili nilipewa na Abdirizak, fundi wa kibanda cha jirani, ambaye tangu siku hiyo ananitazama kama aliyeniokoa kisimani. Ilikuwa nzuri kweli. Haikuwa na matangazo, vitufe vilikuwa vikubwa kiasi kwamba Aabo aliviona kupitia ukungu wake, na rangi zake zilikuwa kama shuka jipya la Idd. Lakini ilipanga vipande kwa namna ya ajabu: cha kwanza, kisha cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili, cha kumi na tatu, ndipo cha pili. Shairi likatoka limevurugika. Ulipewa jina kabla hujazaliwa, ukaozwa kwa ngamia hamsini, halafu ndipo mkunga akaitwa. Aabo, ambaye shairi hilo alikuwa nalo moyoni muda wote, alisema kwa upole kwamba mke wake hakuwa mlevi. Nikapekua mipangilio, nikaona mahali pa kupanga kwa tarehe, nikabonyeza, na vipande vikasimama kwenye mstari.

Nilidhani nimemaliza. Siku mbili Aabo alikaa nayo sikioni. Ila ile programu ilikuwa na usahaulifu. Adhana ikitoka, Aabo huzima, huswali, huleta nyiradi zake, na akirudi kubonyeza, inaanza upya kutoka kipande cha kwanza. Akisinzia, inaanza upya. Mgeni akija, inaanza upya. Siku ya pili jioni aliniambia kuwa amemsikia Hooyo akimwita mkunga mara kumi na moja, na mpaka sasa mtoto hajazaliwa. Alisema akitabasamu, lakini nilijua anamaanisha nini. Mzee wa miaka sabini na tisa hawezi kuanza upya kila mara, anataka kuendelea alipoishia.

Nikarudi kutafuta. Sasa nilikuwa najua ninachotaka, na nakuandikia hapa ili nawe ukitafuta usidanganywe na rangi. Isihitaji mtandao. Isiwe na matangazo. Isome faili za kale. Icheze kwa folda, si kwa kukusanya kila sauti iliyomo simuni na kuipika chungu kimoja. Ikumbuke ulipoishia hata simu ikizimwa. Na isiombe ruhusa ya mambo yasiyoihusu. Niliikuta moja inataka majina ya watu wote kwenye simu ya Aabo. Kicheza muziki, majina ya watu ni ya nini, unataka kuwaalika akikani? Nikapita. Hatimaye niliipata, usiku wa kuamkia akika. Ina sura mbaya, mraba wa kijivu, imetengenezwa na mtu asiyejali urembo. Nikaielekeza kwenye folda ya Hooyo, ikaorodhesha vipande.

Vilikuwa kumi na vinne.

Nilihesabu tena. Weris alishika simu kwa vipande kumi na vitatu, na ile programu nzuri ilionyesha kumi na vitatu, kwa hiyo sikuwahi kufikiria kutafuta zaidi. Cha kumi na nne kilikuwa cha sekunde ishirini na mbili. Ile nzuri ilikuwa inaficha kila kitu kilicho chini ya nusu dakika. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza. Hooyo alikuwa peke yake, haimbi, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejifungia chumbani. Alichosema nitakiandika mahali pake.

Nikuambie ukweli wa nafsi yangu, kwa kuwa barua hii ni ya ukweli. Nilikaa ngazini muda mrefu nikiwa na programu mbili kwenye simu moja. Ya Abdirizak ingecheza vipande kumi na vitatu, wanawake wangepiga vigelegele, akika ingepita, na hakuna mtu duniani angejua kuwa kuna cha kumi na nne. Mtu angeuliza kwa nini inaanza upya kila mara, ningesema ni tabia ya simu. Mimi ni fundi, watu huniamini. Nilibonyeza kuiondoa ile ya kijivu, simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikakaa nikilitazama swali hilo.

Zeinab alitoka na mtoto begani akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nachagua programu. Akaniuliza ipi ni bora. Nikamwambia hii ni nzuri na ile ni kamili. Akasema mbona basi nakawia, akaingia ndani. Hakujua alichokijibu. Nilibonyeza hapana, nikaiondoa ya Abdirizak.

Akika ilifana, abaayo, hilo naweza kujigamba bila haya. Ua ulijaa. Mbuzi wawili walichinjwa, wanawake walikaa upande wa jikoni na ngoma zao, wanaume upande wa lango, na Aabo katikati kwenye kiti chenye mito, Barwaqo mdogo mapajani mwake. Nilikuwa nimeunganisha simu na spika kubwa niliyoazima kwa wauza nguo. Habaryar Weris alisimama, akaeleza kadi ilikotoka, na kunyamazisha watu kwa kuwatazama tu. Nikabonyeza.

Hooyo akaimba. Kipande kilishikana na kipande bila pengo, pumzi kwa pumzi, kana kwamba simu haikuwahi kumkata. Pale anaposema kuwa waliokuambia, Mursal, kwamba nyumba bila mtoto wa kiume ni hema bila miti, wajibu kuwa hema husimama kwa miti lakini mvua huzuiwa na mikeka, na mikeka ni kazi ya binti, wanawake wote waliinuka. Ngoma ziliingia zenyewe. Bibi mmoja aliyecheza na Hooyo ujanani alilia huku anacheza. Na kila mara jina lako lilipotajwa, Kowsar, Kowsar, linakuja mara tisa, nimehesabu, Aabo alikuwa akiinamisha kichwa. Kipande cha kumi na tatu kilipokwisha vigelegele vilifika barabarani. Nilikuwa nimeshinda. Fundi Yarow, mbele ya Garissa nzima.

Ndipo nikabonyeza kile kitufe cha kusimamisha. Nikaomba watu wakae, nikasimama mbele ya Aabo, na nikasema ninachokuandikia wewe sasa, ambacho ni sababu ya pili ya barua hii.

Kowsar, ni mimi niliyeifuta kaseti.

Nilikuwa na miaka kumi. Darasani kila mtu alikuwa anaimba wimbo mmoja uliokuwa redioni, nami nilitaka niwe nao kabla ya wote. Hatukuwa na kaseti tupu. Nilijua sanduku lilipo na nilijua kaseti ni ya nani, sitasema sikujua. Nilijiambia kuwa shairi halifiki mwisho wa utepe, kwamba nitaipeleka mwisho na kurekodi pale palipobaki patupu. Kumbe nilikuwa nimeigeuza, nikairudisha mwanzo nikidhani naipeleka mwisho. Ilipokataa kurekodi nikakumbuka umewahi kunionyesha kuwa tundu likizibwa kwa karatasi inakubali. Daftari langu lilikuwa mbali, lako lilikuwa juu ya meza. Niliacha redio ikirekodi nikatoka kucheza mpira.

Siku Aabo alipoikunjua ile karatasi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilikusikia ukiapa. Nilisubiri mtu aniulize, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nikajiambia huo si uongo. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na mwaka uliofuata vigumu zaidi, kisha ukaolewa, kisha Hooyo akafa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na moja, na uliyetembea juu yake ni wewe. Sina kisingizio. Nilikuacha, dada yangu, na kila uliponiuliza kwa simu hali ya Aabo niliona aibu na nikakujibu kuwa hajambo.

Nilipomaliza, wanawake walikuwa wameweka ngoma chini. Nikabonyeza tena, kikatoka kipande cha kumi na nne, na sasa ni mahali pake. Hooyo alisema hivi, nimekiandika neno kwa neno: "Mursal, Kowsar hakuifuta kaseti. Aliyeifuta nilimwona dirishani akiziba tundu, sikujua anachokiziba mpaka nikawa nimechelewa. Ninamsubiri aseme mwenyewe, maana nikimsemea atabaki mtoto. Siku akisema, mpeni maziwa kwanza, ndipo mumgombeze. Na mwite binti yako."

Alijua, abaayo. Miaka yote alinitazama nikila chakula chake na alijua. Sasa nafahamu kwa nini alikuwa akiniuliza kila nikirudi kutoka shule kama nina lolote la kumwambia. Nina hasira naye kidogo kwa ajili yako, kwa kuwa alikuacha ubebe mzigo huo akinisubiri mimi, na nadhani naye ilimuuma, ndiyo maana alijifungia chumbani Liboi kurekodi sekunde ishirini na mbili. Utaamua mwenyewe kama utamsamehe. Nami vilevile.

Habaryar Weris ndiye aliyetembea kwanza. Alikwenda jikoni, akarudi na kibuyu cha maziwa ya ngamia, akanikabidhi mbele ya watu wote, akasimama mpaka nilipokimaliza. Sijawahi kunywa kitu kigumu kushuka kama hicho. Kisha akanigombeza, na unajua anavyogombeza, wazee wawili waliondoka kwenda kuswali kabla ya wakati.

Aabo hakunigombeza. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaomba asaidiwe kusimama. Alisema kuwa mimi nilifuta kaseti nikiwa mtoto, lakini yeye alimfuta mtu akiwa mzee mwenye ndevu, na mbele ya wageni. Akasema anayevunja heshima ya mtu kwa tuhuma ya uongo anatoa haal, fidia ya heshima, na sheria yetu haijasema isipokuwa akiwa baba. Yule ngamia jike mwekundu aliyeko Hadado ni wako tangu juzi, ana mimba ya miezi minane, usije ukamwacha Mustafe amuuze. Mimi nami wazee wamenihukumu: nije Griftu, nikusanye wakwe zako na majirani zako, niseme mbele yao niliyoyasema hapa, kwa kuwa huko ndiko ulikobeba hilo jina. Nimekubali kwa moyo mmoja. Tunakuja Jumamosi ijayo, Aabo, Habaryar Weris na mimi. Nilimwambia Aabo njia ni ndefu na mgongo wake mbaya, akaniambia nimwache.

Sasa kuhusu kadi. Ndani utakuta folda moja yenye jina lako, na programu ile ya kijivu nimeiweka pembeni, iweke kwanza kabla ya kufungua chochote. Tafadhali usitumie kicheza cha simu yako, kitakuambia hakuna kitu. Folda ina vipande kumi na vitano. Vile kumi na vinne nimekueleza. Cha kumi na tano ni cha Aabo. Jana baada ya alasiri alisema hataki nimwandikie salamu zake, anataka kuzituma kama zamani. Nikamwonyesha kitufe, akaniambia nitoke na nifunge mlango. Alikaa humo karibu saa nzima. Sijakisikiliza, wala sitakisikiliza. Kama utahitaji kusimama katikati usiogope, simu itakuwekea mahali.

Shemeji Mustafe nisalimie, na umwambie ninapokuja nakuja kichwa chini. Watoto wabusu mmoja mmoja. Zeinab anakusalimu sana na anasema mtoto ana paji lako la uso, jambo ambalo Aabo alilithibitisha kwa vidole. Habaryar Weris anasema uandae chai yenye iliki nyingi, na usiionee iliki huruma. Mola atukutanishe kwa heri.

Nisamehe ukiweza, na usipoweza, nitakuja vilevile. Mwandiko wangu umeharibika huku mwishoni, lakini itazame karatasi yenyewe. Nimeichana kutoka daftari langu mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Yarow Mursal